Ukame wa miaka 800 iliyopita unajulikanaje? Jibu kwa mwalimu wa Longido

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wilayani Longido, mkoani Arusha. Ameandika hivi: "Mwaka 2022 tulipoteza ng'ombe wengi kwa ukame, na redioni tukasikia kwamba haujawahi kutokea ukame kama ule. Nikasoma mahali pengine kuwa wanasayansi wanajua ukame wa miaka 800 iliyopita uliokuwa mbaya zaidi, na kwamba hata Ziwa Viktoria liliwahi kukauka. Vipimo vyetu vya mvua vina umri wa miaka mia moja na kidogo tu. Wanajuaje? Huko si kubahatisha? Ukame wetu ulikuwa mbaya kuliko wote au la? Na je, kuna chochote ambacho wanafunzi wangu wanaweza kukiona kwa macho, bila maabara?"

Mwalimu, nianze na hilo la kubahatisha, kwa sababu ndilo swali ambalo kila mwanafunzi mwenye akili anapaswa kuliuliza.

Hakuna ziwa linaloandika ukame kwenye tope lake. Kilichomo kwenye tope ni maganda ya mwani, chavua, vichwa vya mabuu, chembe za mkaa wa moto wa nyika, chumvi na jivu la volkano. Ukame ni hukumu tunayoitoa baada ya kuwasikiliza mashahidi hao na kuwapambanisha. Shahidi mmoja akizungumza peke yake, mimi simwamini hata kama grafu yake inapendeza. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema jambo moja kuhusu muda uleule, hapo naanza kulala usingizi.

Kila mwaka ziwa hupokea vumbi linalopeperushwa, udongo unaosombwa na mito, majani, chavua na mabaki ya viumbe vidogo vilivyoishi ndani yake. Vyote huzama. Mahali ambapo hakuna mkondo wala wanyama wa kuvivuruga, vya mwaka huu hulala juu ya vya mwaka jana. Ukizamisha bomba wima kutoka juu ya jukwaa linaloelea, unatoa mche mrefu wa tope ambao kichwani ni leo na mguuni ni zamani. Mwaka 1955 Daniel Livingstone, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Duke University huko Marekani, alichapisha muundo wa bomba jepesi lenye pistoni ambalo watu wachache wanaweza kulibeba hadi ziwa lisilo na barabara. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu maziwa madogo ya Afrika imepitia kwenye mabomba ya ukoo huo.

Tukio lako la miaka 800 iliyopita limetoka Ziwa Naivasha nchini Kenya, na nadhani Naivasha ndiyo njia nzuri ya kuwaeleza wanafunzi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Hakuna mto unaotoka katika Ziwa Naivasha. Maji yanaingia kwa mito na mvua, kisha yanatoka kwa kuvukizwa na jua na kwa kupenya ardhini. Mvua za nyanda za juu zikipungua kwa miaka kadhaa, ziwa linashuka. Zikiongezeka, linapanda na kuvamia mashamba. Upande wa mashariki kuna kreta ya kale iliyozama, jirani na kisiwa cha Crescent. Ndiyo sehemu yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa, na hata pale ziwa kuu liliposinyaa, maji yalibaki humo na tope likaendelea kutuama bila kukatika. Dirk Verschuren, Kathleen Laird na Brian Cumming walitoa tope humo, na mwaka 2000 wakachapisha katika jarida la Nature historia ya miaka 1,100.

Shahidi wao wa kwanza alikuwa diatomu. Hizi ni mwani wa chembe moja wenye ganda la silika, yaani madini yaleyale ya kioo, na ganda hilo haliozi. Kila spishi ina urembo wake unaotambulika kwa hadubini, na kila moja ina kiwango chake cha chumvi inachokivumilia. Ziwa linaposhuka, chumvi iliyokuwa imetawanyika kwenye maji mengi inabaki kwenye maji machache, hivyo spishi za maji baridi zinaondoka na za maji ya chumvi zinachukua nafasi. Shahidi wa pili alikuwa mabuu ya wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Mabuu hayo huishi kwenye tope la chini, vichwa vyao vigumu hubaki, nayo pia yana upendeleo wake wa chumvi. Shahidi wa tatu alikuwa tope lenyewe, maana tope linalotuama kwenye maji ya kina kirefu halifanani na lile linalotuama kwenye maji ya kina kifupi yanayokorogwa na mawimbi. Mashahidi hawa hawategemeani. Mwani unaishi juu kwenye mwanga, buu anaishi chini gizani, na chembe za udongo hazina uhai kabisa.

Kabla ya kuwauliza kuhusu karne ya 12, watafiti waliwapima kwa mambo yanayojulikana. Kupanda na kushuka kwa Naivasha kunafahamika tangu miaka ya 1880, kwanza kwa maelezo ya wasafiri, baadaye kwa vipimo. Tope la juu lilisema ukweli kuhusu miaka hiyo. Ndipo wakalisoma lililo chini yake.

Likawaambia hivi. Kati ya takriban mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko sasa, kwa karne mbili na zaidi. Kisha zikaja karne zenye maji mengi, hadi kama 1850, lakini zikakatizwa na vipindi vitatu virefu vya ukame: takriban 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Kila kimojawapo kilikuwa kikali kuliko ukame wowote uliopimwa katika karne ya 20.

Kuna jambo hapo ambalo lilinigusa nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanigusa. Watafiti hao walichukua masimulizi ya jamii za Afrika Mashariki, yale ambayo wanahistoria walikuwa wameyakusanya kwa wazee na kuyapangia miaka kwa kuhesabu vizazi, yakieleza njaa, kuhama na kuvunjika kwa tawala. Wakayalinganisha na tope. Vipindi vya njaa vilivyosimuliwa vinaangukia kwenye vipindi vikavu vya ziwa, na nyakati za neema zinaangukia kwenye maji mengi. Mwalimu, ukiwa na wazee wa Kimaasai wanaotaja marika yaliyoishi wakati wa shida fulani, usiwape wanafunzi somo linalosema kwamba hizo ni hadithi tu na sayansi iko kwenye mashine. Wazee nao ni mashahidi. Wanahojiwa kwa uangalifu uleule, na wana udhaifu wao kama diatomu ilivyo na wake.

Sasa tuje kwenye miaka yenyewe. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo unapopaswa kubana unaposoma madai yoyote ya ukame wa kale. Uliza kwanza: tarehe zimetoka wapi?

Kwa tope la juu kabisa tunatumia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi inayodondoka kutoka angani na kupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Inatufikisha kama miaka 150 nyuma. Pia kuna sesiamu-137 iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake ni mwaka 1963, na alama hiyo inaonekana kwenye tope la sehemu nyingi za dunia. Kwa tope la zamani tunatumia kaboni-14, inayopungua nusu kila baada ya miaka 5,730 na kutufikisha takriban miaka 50,000 nyuma.

Kaboni-14 ina mtego, hasa kwenye Bonde la Ufa. Mwani hula kaboni iliyo ndani ya maji, na maji yetu mara nyingi yamepita kwenye miamba au yamechanganyika na gesi ya volkano ambayo kaboni yake ni ya kale mno. Mwani uliokufa jana kwenye ziwa la namna hiyo unaweza kupimwa ukaonekana una umri wa karne kadhaa. Ndiyo maana mtafiti makini hutafuta kipande cha jani, mbegu au mkaa wa mti wa nchi kavu, uliovuta kaboni yake kutoka hewani. Na hata kipimo kizuri kinakuja na ukingo wa makosa wa miongo kadhaa. Ninapokuambia "1560 hadi 1620", tafadhali usiwafundishe wanafunzi kwamba mvua zilikoma Januari 1560. Pengine kipindi hicho kilianza 1545, pengine 1580.

Kuna ziwa moja ambalo limetupunguzia shida hiyo, na si mbali sana na wewe. Ziwa Chala liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, kati ya Rombo na Taveta. Ni kreta yenye maji ya ukubwa wa kilomita za mraba nne hivi, lakini kina chake kinazidi mita 90. Chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna minyoo wala konokono wa kufukua tope. Upepo wa kusi unapovuma kati ya Juni na Septemba, maji ya juu yanapoa na kuzama, virutubisho vinapanda, diatomu zinastawi kwa wingi, zikifa zinaweka ukanda mweupe. Miezi ya joto na mvua inaweka ukanda mweusi. Mweupe na mweusi ni mwaka mmoja. Unahesabu.

Christian Wolff na wenzake walipima unene wa kanda hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2011 katika Science. Kwa miaka ambayo kumbukumbu za hali ya hewa zipo, kanda nene huangukia miaka ya Lanina, ile ya upepo mwingi na mvua haba kwetu, na kanda nyembamba huangukia miaka ya Elnino. Hivyo Chala inatuonyesha hata mvua zilivyokuwa zikibadilika mwaka kwa mwaka. Walipofika kwenye tope la zama za barafu, miaka kati ya 18,000 na 21,000 hivi iliyopita, waligundua kwamba mabadiliko ya mwaka hadi mwaka yalikuwa madogo kuliko ya miaka 3,000 ya karibuni. Hali ya hewa ilikuwa baridi na kavu, lakini haikuwa na kigeugeu kama hiki tulicho nacho.

Mwaka 2016 kikosi cha kimataifa kilirudi Chala na mtambo mkubwa na kushuka karibu mita 215 ndani ya tope, sawa na kama robo milioni ya miaka. Kazi ya kulisoma tope hilo inaendelea, na mimi ninaifuatilia kwa hamu kuliko kazi nyingine yoyote ya fani hii katika ukanda wetu.

Sasa Ziwa Viktoria. Ndiyo, lilikauka, na hili tunalisema kwa uhakika mkubwa.

Watu hushangaa kwa sababu ya upana wake, kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Lakini upana unadanganya. Kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80, kidogo tu kwa ziwa la ukubwa huo, na karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Jua nalo linachukua karibu kiasi hicho hicho. Ni hesabu yenye pande mbili kubwa zinazokaribiana, na ukipunguza upande wa mvua kwa muda mrefu ziwa halina akiba ya kutosha kujitetea.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye sauti. Ukituma mawimbi ya sauti kuelekea chini ya ziwa, yanarudi yakiwa yamegonga tabaka moja baada ya jingine. Chini ya tope laini la Viktoria kuna uso mmoja mgumu unaoendelea hadi sehemu yenye kina kirefu kuliko zote. Mabomba yalipofika hapo yalitoa udongo mkavu, ulioshikamana, wenye mipasuko na vijizizi. Huo ni udongo wa nchi kavu, katikati ya ziwa. Thomas Johnson na wenzake walichapisha hayo mwaka 1996. Kwa tarehe zilizopo, ukavu huo uliangukia kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita, na Naili Nyeupe ikakosa maji ya chanzo chake kikuu hadi ziwa lilipojaa tena na kumwagika upande wa Jinja.

Muda huo ndio ambao barafu nyingi mno zilimeguka na kuyeyuka katika Atlantiki ya Kaskazini, na mifumo ya mvua ya Afrika na Asia ikadhoofika kwa pamoja. Wavuvi wa Mwanza wana sehemu yao katika kisa hiki bila kukusudia. Furu, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi, wana spishi takriban 500 ziwani humo, na karibu zote hazipatikani kwingine. Kama ziwa lilikuwa nyika miaka 15,000 iliyopita, basi aina zote hizo zimejitenga ndani ya muda mfupi ajabu kwa vipimo vya maumbile. Baadhi ya wanabiolojia waliukataa ukavu wa ziwa kwa sababu hiyo hiyo: samaki hawawezi kubadilika upesi kiasi hicho. Uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba furu wametokana na samaki wa mito mbalimbali waliochanganyika na kuingia wakiwa na utofauti mwingi tayari, mgongano ule ukalegea.

Ziwa Nyasa lina habari nzito zaidi, ingawa ya mbali mno. Lina kina cha kama mita 700. Mwaka 2005 lilichimbwa, mahali penye maji ya karibu mita 600, na tope la mita 380 hivi likatolewa. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi ambavyo ziwa lilishuka kwa mita 600 au zaidi, na chavua ya nyakati hizo inaonyesha nchi ya nusu jangwa pale ambapo leo kuna misitu na miombo. Ndani ya tope hilo zimeonekana pia chembe za jivu la volkano ya Toba ya Indonesia, iliyolipuka miaka kama 75,000 iliyopita. Jivu la namna hiyo lina kemia yake ya pekee, kwa hiyo linafunga tarehe ya tabaka bila kutegemea kaboni hata kidogo.

Pengine umesikia pia watu wakisema kwamba ukame mbaya wa kale "hata barafu ya Kilimanjaro inaonyesha". Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na kikosi chake walichimba miche sita ya barafu kileleni, na mwaka 2002 wakaripoti kumbukumbu ya miaka 11,700, ikiwa na tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi waliloliweka takriban miaka 4,000 iliyopita na kulisoma kama ukame wa karne tatu. Vumbi lipo, hakuna anayebisha. Tatizo ni umri. Barafu ile haikuwa na kanda za mwaka za kuhesabika hadi chini, na ratiba yake ilipangwa kwa kiasi kikubwa kwa kuilinganisha na kumbukumbu ya hali ya hewa iliyosomwa kwenye mawe ya pango la Soreq huko Israeli. Ukishaazima miaka ya pango ili kupanga barafu, huwezi tena kusema kwamba barafu imethibitisha kilichotokea mahali pengine wakati uleule. Wataalamu wengine wa barafu wamehoji pia kama barafu hiyo iliweza kudumu kileleni bila kukatika kwa muda wote huo. Kwamba miaka 4,000 hivi iliyopita palikuwa na ukame mkubwa sehemu nyingi za Afrika, naamini, lakini naamini kwa sababu ya maziwa. Darasani mimi nisingeanza na Kilimanjaro.

Kuhusu mashahidi wengine nitapita haraka. Matumbawe ya Malindi yana kanda za mwaka, na moja lililochunguzwa lilianzia 1801 hadi 1994. Linatuambia zaidi joto la bahari, ambalo ndilo linaloendesha mvua zetu za vuli. Tumbawe jingine la hapo limehifadhi bariamu iliyoletwa na udongo wa mto Sabaki kwa karibu miaka 300, na udongo huo unaongezeka kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba ya kikoloni yalipofungua ardhi ya nyanda za juu. Miti ya tropiki wengi huidharau kwa sababu haina majira ya baridi ya kuipa pete, lakini mninga wa Zimbabwe umetoa pete za tangu 1796 zinazofuata mvua, na miyombo ya magharibi mwa Tanzania nayo imefanyiwa kazi. Kwenye tope la Ziwa Tanganyika kuna nta ya majani ya miti iliyokufa zamani, na uzito wa hidrojeni ndani ya nta hiyo unafuata uzito wa hidrojeni wa maji ya mvua. Kwa njia hiyo Jessica Tierney na wenzake walijenga historia ya miaka 60,000.

Kuna onyo moja kubwa ambalo vichwa vya habari hulisahau. "Ukame wa Afrika Mashariki" mara nyingi si wa Afrika Mashariki yote. Naivasha ilikuwa na maji mengi kwa sehemu kubwa ya muda kati ya 1400 na 1750. Ziwa Edward, magharibi, mpakani mwa Uganda na Kongo, lilikuwa kavu katika muda huohuo. James Russell na Thomas Johnson walilisoma hilo kwenye kemia ya chokaa iliyotuama humo. Mashahidi hao wawili wanasema kinyume, na wote wanasema kweli, kwa sababu mashariki inaitegemea zaidi Bahari ya Hindi na magharibi inapata unyevu wa Kongo na Atlantiki. Mtu akikuchorea ramani moja yenye rangi moja kwa eneo lote hili, mwulize amepima maziwa mangapi.

Turudi kwenye ukame wenu. Je, ulikuwa mbaya kuliko wote? Swali hili lina maswali mawili ndani yake, na majibu yake hayafanani.

Tukipima kwa misimu, ule wa 2020 hadi 2023 hauna mfano katika vipimo vya mvua: kusini mwa Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya misimu mitano mfululizo ilishindwa. Kwenu kaskazini mwa Tanzania makali yalifika 2021 na 2022. Redio haikudanganya, mradi ilimaanisha muda wa vipimo. Tukipima kwa urefu, hapana. Naivasha inaonyesha vipindi vya miaka 40, 60, 80. Lakini elewa kwamba sampuli moja ya tope la kawaida hukusanya miaka kadhaa kwa pamoja. Vuli mbili mbaya zikifuatwa na masika nzuri, tope halioni kitu. Ng'ombe anaona. Kwa hiyo ukame uliomaliza zizi zima mwaka mmoja unaweza kuwa umetokea mara nyingi mwaka 1300 au 1700 bila kuacha alama hata moja ziwani, na hatuwezi kuulinganisha na wenu. Kadhalika, ukali wa njaa hautokani na mvua peke yake. Mwaka 1600 mfugaji aliweza kuhamisha mifugo kwenda mbali. Leo kuna mpaka, hifadhi na shamba la mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine. Mifano mingi ya kompyuta inasema dunia ikipata joto, Pembe ya Afrika na jirani zake watapata mvua zaidi. Vipimo vya miongo ya karibuni vimeonyesha masika zikipungua. Mwaka 2015 Tierney na wenzake walisoma tope la Ghuba ya Aden na kukuta kwamba ukavu wa karne iliyopita katika Pembe si wa kawaida ndani ya miaka 2,000. Kisha mwaka 2023 tope la Chala likachapishwa kwa miaka 75,000: katika zama za barafu, joto lilipopanda unyevu uliongezeka, lakini tangu kama miaka 11,700 iliyopita uhusiano umegeuka, joto likipanda unyevu unapungua, maana uvukizaji unashinda. Mimi naiona hii kuwa sababu ya kutosha ya kutotegemea ahadi ya mvua nyingi wakati wa kupanga mabwawa na malisho ya huko kwenu.

Na sasa wanafunzi wako. Mna bahati ambayo shule nyingi hazina, kwani mko jirani na Ziwa Natron. Miaka 12,000 hadi 10,000 hivi iliyopita, wakati wa mvua nyingi zilizofuata zama za barafu, Natron na Ziwa Magadi la Kenya yalikuwa ziwa moja, na uso wake ulikuwa karibu mita 50 juu ya uso wa maziwa ya leo. Mwani na bakteria wa maji ya kina kifupi waliacha kwenye miamba ya ufukwe ule maganda ya chokaa yenye tabaka tabaka, yanayoitwa stromatoliti. Bado yapo pembezoni mwa bonde hilo, meupe au ya kijivu, yamegandamana na mawe meusi ya volkano.

Nendeni na mwenyeji anayelijua eneo, asubuhi mapema kwa sababu ya joto, na msibomoe hata kipande. Chukueni mwinuko wa ganda kwa simu yenye GPS, kisha mwinuko wa ukingo wa ziwa. Simu hukosea kwa mita kadhaa kwenye mwinuko, kwa hiyo kila kikundi kisome mara nyingi mahali palepale na kutafuta wastani, na muandike pia kosa lenu, mita ngapi juu na ngapi chini. Pimeni sehemu mbili tatu zilizo mbali kwa mbali: zikitofautiana sana, jadilini kama ni kosa la simu au ni ardhi ya Bonde la Ufa iliyoinama tangu maganda yalipojengwa. Mkipata tofauti ya mita 45 hadi 55 kati ya ganda na ziwa, mtakuwa mmeukuta ufukwe uleule uliopimwa na watafiti, na darasa linaweza kuanza kukokotoa ni mvua kiasi gani ilihitajika kuujaza.